Somo, baraza, sheikh au mwanasaikolojia: ukiwa mzima uende kwa nani?

Salamu zetu za Lamu haziruhusu ubaya uingie kwa mlango wa mbele. "Hujambo?" "Sijambo." "Nyumbani kheri?" "Kheri." "Watoto?" "Wazima, alhamdulillahi." Hayo yote yakishapita ndipo mtu huvuta pumzi akasema, "Ila..." Hiyo "ila" ndiyo habari yenyewe. Nimeisikia barazani, nimeisikia dukani, nimeisikia kwenye mashua ya kwenda Mokowe, gati ya upande wa bara, mara nisizoweza kuzihesabu, kwa watu wenye kazi zao, watoto wao na swala zao tano, watu ambao hakuna daktari angewaandikia dawa. Wanasema "ila", wanaanza, kisha mashua inagusa gati, kila mtu anashika mzigo wake, na maneno yanabaki pale pale.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa mtaa wa Mkomani hapa Lamu, nina miaka 43. Mwaka juzi nilikwenda kuonana na mwanasaikolojia, na wakati huo nilikuwa nalala vizuri, nakula, nafundisha, nacheka. Nilimwambia mwenzangu mmoja, naye akamwambia wa pili, na tangu hapo naulizwa swali hilo hilo: ulikuwa na nini? Sikuwa na kitu. Basi huja la pili, ambalo ni la haki kabisa: si ungekwenda kwa sheikh? Si ungezungumza na shangazi yako? Baraza zimejaa mji mzima, kwa nini umlipe mgeni?

Nitajibu kwa kuwaweka watu hawa kando kwa kando, kwa sababu nimewapitia wote na kila mmoja amenifaa mahali pake.

Somo huja kabla ya arusi

Kuna wanaoamini kwamba kumwendea mtu ukiwa mzima ni desturi ya Wazungu. Mswahili akiozesha binti yake humtafutia somo. Somo haji baada ya ugomvi. Huja kabla ya arusi, binti akiwa na afya na furaha yake, akakaa naye faragha akamfunza mwili wake, usafi, namna ya kuishi na mume, neno la kusema na neno la kumeza. Hakuna jirani anayenong'ona, "Yule binti ana ugonjwa gani hata akaletewa somo?" Upande wa pili wa mji kuna kadhi, ambaye Katiba ya Kenya imempa kesi za ndoa, talaka na mirathi za Waislamu. Kwa kadhi watu wengi hufika mambo yameshachacha. Kwa ndoa, basi, tunaye wa kabla na tunaye wa baada. Kwa nafsi zetu tumebaki na wa baada peke yake, na hata huyo tunaona haya kumwendea.

Wala dini haikulifunga jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyezaliwa katikati ya karne ya 9 huko Balkh, Afghanistan ya leo, akafariki mwaka 934, aliandika juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi kwa pamoja. Shauri lake moja silisahau. Alisema mtu mzima huweka dawa nyumbani kwa ajili ya maradhi ya ghafla, na vivyo hivyo yampasa ajiwekee fikra njema wakati ametulia, azikute tayari siku hasira, hofu au huzuni itakapomvamia. Hayo yana zaidi ya miaka elfu moja. Kilichobaki kwetu ni kumchagua wa kutusaidia kuiweka hiyo akiba.

Baraza

Sitaki mtu asome haya akadhani naidharau baraza. Mwaka 2006 huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki. Mabibi wa mtaani walifunzwa kumsikiliza mtu na kumwongoza atatue shida zake moja moja, wakakaa naye kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Washona wana jina la kile kilichowaleta watu kwenye benchi: kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi husema "fulani ana mawazo", na msikilizaji haulizi mawazo gani.

Kwa hiyo si lazima uwe na shahada ukutani ndipo umsaidie mtu. Lakini wale mabibi walifunzwa, na walikuwa na mpango: taja shida zako, chagua moja, tafuta hatua unayoiweza, nenda, rudi uniambie. Baraza yetu haina mpango. Unaanza na mkopo, dakika tano baadaye mmefika kwenye bei ya samaki na nani atasimama ubunge. Hilo lina utamu wake, na lina faida yake kubwa, kwa sababu mtu anayekaa na watu kila alasiri baada ya swala hayuko peke yake, na upweke huua polepole. Ikiwa unachohitaji ni watu, baraza inashinda, tena ni bure. Usimlipe mtu yeyote akupe kile ambacho jirani anakupa pamoja na kahawa.

Baraza inashindwa pale unapokuwa na jambo lenye jina la mtu ndani yake. Nyumba nyingine za Mkomani zimeunganishwa kwa wikio, vile vyumba vilivyopita juu ya kichochoro kutoka nyumba moja hadi ya pili. Mabibi zetu walitembeleana kwa huko bila kushuka njiani, na maneno nayo yanaijua njia hiyo. Simlaumu mtu. Mji ambao punda wawili wenye mizigo wakikutana kichochoroni mmoja lazima arudi nyuma hauwezi kuficha mengi. Na tatizo si mdomo wa msikilizaji tu. Ana damu. Ukimsema mkweo, umemsema mjomba wa huyo unayemwambia, na kuanzia hapo hakusikilizi tena, anakuhukumu au anakuhurumia.

Mwanasaikolojia hana upande, na siri yako ni sharti la kazi yake. Siri hiyo ina mipaka: ukiwa katika hatari ya kujiua au ya kumdhuru mtu, ikiwa kuna mtoto anayedhulumiwa, au mahakama ikitoa amri. Aliye mzuri hukueleza mipaka hiyo siku ya kwanza kabla hujauliza. Asipokueleza, muulize.

Kuna na suala la deni. Ukimwaga moyo wako kwa shoga yako, kesho ni zamu yako kuupokea wake. Huo ndio urafiki na sitaki uondoke. Ila kuna watu ambao wamepokea mno, na mimi nilikuwa mmoja wao bila kujua.

Mimi ni kifungua mimba, wa kwanza kati ya sita. Mshahara ukiingia, simu huanza kabla sijavua buibui: kaka yangu wa Mtwapa, binti wa ami yangu aliye chuoni, ada ya madrasa ya mtoto wa jirani, kisha mtu wa mbali aliyesikia tu kwamba mwalimu hakatai. Mwaka huo nilikwenda Malindi kumtazama dada yangu aliyekuwa amejifungua. Rafiki yake mmoja akanitajia mama mwanasaikolojia aliye karibu na pale. Nikaenda kwa sababu nilikuwa na asubuhi moja isiyo na kazi.

Chumba kilikuwa juu ya duka la vitambaa. Feni ya dari ililia kidogo kila ilipomaliza mzunguko. Mama mwenyewe ni mtu wa makamo, amejitanda mtandio wa kijani. Akaniuliza ningependa aniite nani, nikamwambia aniite mwalimu, kama kila mtu. Tukasalimiana, nikajibu kheri zote. Nikamweleza kwamba maisha yangu ni mazuri, ila mwisho wa mwezi huwa nachoka kidogo.

Akaniuliza, "Mwalimu, mara ya mwisho uliombwa kitu ukasema hapana, ilikuwa lini?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Ukutani palikuwa na kalenda, nikaitazama, nikaanza kurudi nyuma mwezi baada ya mwezi. Ramadhani, hapana. Shule zilipofunguliwa, hapana. Kalenda ikaisha nikaendelea kwa kichwa. Yeye hakusema neno. Feni ikalia, ikalia tena, ikalia mara ambazo ningeweza kuzihesabu, na huyo mama bado amenyamaza, mikono yake mapajani. Mwishowe nikasikia sauti yangu ikisema, "Kabla baba hajafa." Baba yangu alikufa miaka kumi na moja kabla ya siku hiyo.

Shoga zangu wa barazani wananipenda, lakini najua wangenijibu nini. Nusu yao wangesema, "Mungu atakulipa," na ni kweli. Nusu wangesema, "Wakatalie tu," na wao wenyewe hawawakatalii wa kwao. Hakuna ambaye angeuliza swali lile kisha akanyamaza muda wote ule. Kunyamaza kule ndiko nilikokulipia, na sijutii.

Tulikutana mara nne. Kazi aliyonipa ilikuwa ndogo. Nilinunua daftari la mistari kama la wanafunzi wangu, kila simu ya pesa nikaandika nani, kiasi gani, na mwili wangu ulihisi nini kabla sijajibu. Ukurasa wa pili tu niliona mwenyewe: kifua kilibana nikiona jina la mtu mmoja, na hakikubana kwa wengine. Kisha akanifunza jibu la kujipa muda: "Nimekusikia. Nitakujibu kesho baada ya alfajiri." Mara ya kwanza nililisema mkono ukinitetemeka. Bado nawapa ndugu zangu. Nawapa kile nilichokwisha kukiamua kwa utulivu, na nikikituma kwa M-Pesa sirudi kukifikiria usiku.

Sheikh

Hapa sitakawia, kwa sababu wawili hawa hawagombei kiti kimoja. Mwezi ule ule niliokwenda Malindi nilimwendea pia sheikh ninayemwamini, nikamuuliza nani ana haki juu ya mshahara wangu na nani ninamfanyia hisani. Alinifafanulia vizuri, jina kwa jina, na mzigo ukapungua papo hapo, maana nilikuwa nimechanganya wajibu na huruma kwa miaka. Mwanasaikolojia hawezi kukupa hukumu hiyo, na akijaribu, mwondokee. Lakini kujua kwamba si wajibu hakukunipa uwezo wa kumwambia kaka yangu. Hukumu nilipewa na mmoja, ulimi nikapewa na mwingine.

Sheikh mzuri anajua kazi yake inaishia wapi. Mtu akimwambia anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au hajalala siku kadhaa, atamsomea na atamwambia aende hospitali. Wa kumkimbia ni yule anayekutaka umwache kila mtu mwingine umsikilize yeye peke yake, awe sheikh, awe mchungaji, awe mwanasaikolojia mwenye cheti. Malindi haihitaji kuelezwa hilo. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ile ile ya Kilifi iliyo na Malindi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliomfuata mhubiri mmoja, wengi wao wamekufa kwa njaa.

Kwenda sasa au kungoja

Hili ndilo linalowakwamisha wengi. Wanakubali kwamba mwanasaikolojia ana kazi yake, lakini wanasema, "Nikiugua nitakwenda."

Nilipokuwa mdogo ami yangu alinipeleka Matondoni kutazama jahazi likitiwa kalfati. Chombo kilikuwa juu ya mchanga, kimeegeshwa kwa magogo. Fundi alikuwa amechuchumaa chini ya ubavu wake, anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaiingiza kwenye mwanya wa mbao kwa patasi na kuipigapiga kwa nyundo, shibiri baada ya shibiri, bila haraka. Nikamuuliza kwa nini hawafanyi kazi hiyo kikiwa majini, ambako panapovuja panaonekana wazi. Hakuacha kupiga. Akasema, "Majini huzibi, mwanangu. Majini unafua maji tu, unachota na kumwaga."

Mtu anayemwendea mwanasaikolojia akiwa ameshazama anafika bila usingizi, hakumbuki alichoambiwa juzi, na hana nguvu ya kuandika daftari. Vikao vya mwanzo vyote vinakwenda kwenye kufua maji: alale, ale, aamke, asijidhuru. Tiba inayojulikana zaidi kwa unyogovu na wasiwasi, ile inayofundisha kuzikagua fikra na kubadilisha mazoea, kwa kawaida huchukua vikao kati ya 6 na 20. Inafanya kazi, na anayeihitaji aifuate bila aibu. Mimi nilikuwa na vikao vinne, kila baada ya wiki tatu hivi, na kila niliporudi darasani nilikuwa na nguvu ya kulifanya zoezi.

Faida nyingine haizungumzwi, nami naiona kubwa kuliko zote: ukiwa mzima unaweza kuchagua. Baada ya kikao cha kwanza cha Malindi nilidhani nitapata mtu wa karibu zaidi, nikazungumza kwa simu na mwingine. Alinena kuliko mimi, na kabla sijamaliza sentensi ya pili alikuwa ameshaniambia nina nini. Nikamshukuru, nikarudi kwa yule mama wa mtandio wa kijani. Uhusiano baina ya mtu na mwanasaikolojia wake ni miongoni mwa mambo yanayoamua kama kazi itafaulu, na tafiti nyingi zimelikuta hilo. Sasa jiulize: yule ambaye hajalala wiki mbili ana nguvu gani ya kuachana na asiyemfaa na kuanza kutafuta upya? Atakubali yeyote aliyefungua mlango, au atasema "nilijaribu, haikunisaidia", asirudi tena.

Niseme na upande wa pili, maana nataka uchague kwa haki. Ushahidi kwamba kila mzima anahitaji vikao si mkubwa. Una nguvu kwa watu ambao bado hawajaugua lakini wako kwenye njia ya kuugua. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa kinga ya magonjwa nchini Marekani lilipendekeza kwamba wajawazito na wazazi wapya walio katika hatari ya unyogovu wapewe ushauri nasaha kabla haujawaanza. Nilimfikiria dada yangu. Arobaini yetu inamtunza mzazi vizuri sana: anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, hafagii, habebi ndoo. Siku zote nilizokaa naye Malindi niliona watu wakimuuliza juu ya maziwa, kidonda na usingizi wa mtoto. Juu ya moyo wake hakuulizwa na mtu, nami pia sikumuuliza mpaka siku ya tano.

Na kuna wakati wa kutokwenda mbio. Tafiti zilipima ile desturi ya kuwakusanya watu mara tu baada ya msiba au ajali wakalazimishwa kusimulia yote kwa kikao kimoja, zikakuta kwamba haizuii maradhi ya baadaye na huenda ikawadhuru baadhi. Shirika la Afya Duniani haliipendekezi. Ukifiwa, acha matanga yafanye kazi yake: watu waje, wasome, wapike, wakae nawe. Wa kutazamwa ni yule ambaye miezi imepita na bado hawezi kurudi katika maisha yake.

Haya yote ni kwa mzima. Ikiwa huzuni, kukosa hamu ya kila kitu au kukosa usingizi kumekaa wiki mbili au zaidi na kazi inakushinda, umeshatoka kwenye ulinganisho huu, nenda hospitali wiki hii. Ikiwa una fikra za kujiua, usingoje hata kesho. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa, na Msalaba Mwekundu wa Kenya wana laini ya bure ya ushauri, 1199. Wako waliokuwa wakinyamaza kwa kuogopa polisi, kwa kuwa sheria ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba.

Nani ni nani

Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari na ndiye mwenye kuandika dawa. Mwanasaikolojia hakuandikii dawa. Anapima, anazungumza nawe kwa utaratibu, anakufunza mbinu. Mnasihi naye hufanya kazi ya mazungumzo, mara nyingi juu ya jambo mahususi kama ndoa, msiba au uraibu. Kwa mtu mzima, mnasihi au mwanasaikolojia wote wanatosha, na mnasihi aliyefunzwa vizuri aliye karibu ni bora kuliko mwanasaikolojia usiyeweza kumfikia. Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili. Muulize mtu kama amesajiliwa. Si matusi, hata nahodha wa boti huulizwa leseni.

Malindi au simu

Safari ya kutoka Lamu hadi Malindi ni mashua mpaka Mokowe, kisha basi kupitia Garsen, na siku imekwisha. Usipokuwa na ndugu wa kukulaza, gharama inapita ya kikao chenyewe. Pamoja na hayo, kikao cha kwanza ningekushauri ukifanye ana kwa ana ukiweza. Ile feni, ile kalenda, kule kunyamaza, kwa simu ningedhani mtandao umekatika. Tena Malindi hakuna anayekujua. Utashuka ngazi ukaingia dukani ukanunua kitambaa, basi.

Vikao vyangu viwili vya mwisho vilikuwa vya simu na vilifaa, kwa sababu tulishajuana. Shida ya simu kwetu ni mahali pa kukaa. Nyumba ina kuta nene za mawe ya matumbawe lakini milango haifungwi, na mama yangu akiona nimejifungia atabisha na chai. Nilijaribu ufukweni Shela, upepo wa kusi ukala nusu ya maneno. Mwishowe nilikuwa nakwenda shuleni Jumamosi, nakaa katika darasa langu kwenye dawati la nyuma, ubao ukiwa bado na hesabu za Ijumaa. Dakika 50, hakuna mtu. Tafuta darasa lako kabla ya kuweka miadi.

Wanawake wengi huniuliza juu ya kukaa faragha na mwanamume asiye maharimu. Omba mwanamke tangu mwanzo. Asipopatikana, simu inaondoa tatizo, au mlango ubaki wazi nusu na mtu wako akae nje mbali kidogo. Anayeona ombi hilo ni la ajabu hajawahi kufanya kazi pwani. Na lugha uizingatie kuliko cheti cha pili na cha tatu. Unataka mtu ambaye ukimwambia "roho inanipaa" au "moyo mzito" hakuombi umtafsirie.

Ningemwambia nani aende

Anayekaribia kuoa au kuolewa, naye somo ameshampata: aongeze vikao viwili na mwenzake wazungumzie pesa na wakwe. Mjamzito ambaye aliwahi kuwa na huzuni nzito huko nyuma, huyu kabla ya wote. Anayekaribia kustaafu, hasa mwanamume ambaye kazi ndiyo iliyokuwa baraza yake. Mtoto wa kwanza mwenye mshahara katika ukoo mkubwa. Wenye kusikiliza watu kwa kazi zao, walimu, wauguzi, maimamu, maana wanapokea kila siku na hakuna anayewapokea.

Anayeweza kubaki barazani ni yule mwenye watu wawili watatu wa kuwaambia ukweli, ambaye akimaliza "ila" yake huwa imekwisha, hairudi mwezi ujao ikiwa na maneno yale yale. Huyo pesa zake anunulie mwanawe viatu.

Hospitali ya King Fahd ni mahali pa kuanzia kuuliza kwa walio Lamu, na marekebisho ya mwaka 2022 ya sheria ya afya ya akili yamezipa kaunti jukumu la kutoa huduma hizi, kwa hiyo unapouliza hujaomba hisani. Ukimpata mtu, mtumie ujumbe mfupi kama niliomwandikia mimi: "Asalaam aleikum. Sina shida ya haraka. Nataka vikao vitatu au vinne nijifahamu vizuri zaidi. Unatoza kiasi gani, na una nafasi lini?" Akikuuliza kwa nini sasa, usitafute jibu la maana. Mwandikie lile neno lililokuwa likikatishwa kila mashua ilipofika gatini.